Kabla Giaboksi Haijashushwa

Mwenye gari kuukuu hapa kwetu hufika gereji na malalamiko, akaondoka na bei. Gari linachelewa kushika gia, au linapiga kishindo likiingia D, au injini inalia kwa nguvu na gari halisogei, au taa ya injini imewaka kwenye dashibodi tangu wiki jana na haizimi. Fundi huliendesha hadi langoni na kurudi, huzima, hujipangusa mikono, kisha hutoa hukumu: "Mzee, hii giaboksi imeisha." Kuanzia hapo ugonjwa hautajwi tena. Kinachozungumzwa ni giaboksi iliyotumika kutoka Japani. Jamaa fulani wa spea anayo, itafungwa kesho, na ukiongeza kidogo unawekewa na oili mpya.

Baadhi ya giaboksi hizo zimeisha kweli. Nyingine hazina neno. Wengi wetu tunapenda kusema tofauti inatokana na ujinga wa mafundi, au tamaa yao. Mimi naona inatokana na sisi wateja na namna tunavyotoa pesa: tuko tayari kulipia chuma, na hatulipi hata ndururu kwa kazi ya kuutafuta ugonjwa.

Tuitazame Sugoi, maana huko ndiko gari kuukuu linakofanya kazi hasa. Wakenya wengi wanaijua Sugoi kwa sababu Rais William Ruto ana boma lake huko. Wanaoishi huko wanaijua kwa mahindi, maziwa na matope. Iko magharibi mwa Eldoret, upande wa Turbo, na ukishaiacha barabara kuu ya kwenda Malaba unaingia kwenye murram ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi mtupu. Magari ya huko ni yale yale ya Bonde la Ufa zima: Probox, Fielder, Noah, Premio za zamani, Subaru moja moja ya kijana aliyeajiriwa juzi. Asubuhi gari linabeba mitungi ya maziwa, saa moja baadaye watoto wa shule, msimu wa kuvuna magunia yanapakiwa hadi bampa la nyuma linanusa barabara.

Toyota ilianza kuiuza Probox mwaka 2002, ikiwa gari la kampuni za Japani la kubebea sampuli na mizigo midogo mjini. Hadi mwaka 2014, ile ya otomatiki ilikuwa na giaboksi ya gia nne, isiyo na madaha, iliyoundwa na watu waliojua kwamba dereva wake hataipenda. Ikipewa oili sahihi na isichemshwe, inavumilia mengi. Ndiyo maana naingiwa na shaka kila ninaposikia imetangazwa kufa kwa dakika tano.

Sasa mtazame fundi upande wake. Riziki yake inatoka mahali pawili, kwenye spana na kwenye faida ya spea. Tuseme amekaa saa mbili na mita ya umeme, akafuata waya mmoja baada ya mwingine, akagundua kwamba waya wa athi umelegea kwenye bodi, akaukaza. Atamdai mteja pesa ngapi? Akitaja shilingi elfu moja ataulizwa, "Kukaza nati tu?" Lakini akishusha giaboksi, akajipaka grisi hadi viwiko, akamwita na kijana wa kusaidia kubeba, hakuna anayeuliza swali. Jasho limeonekana. Makumi ya maelfu ya shilingi yanatoka mfukoni kwa huzuni, ila bila ubishi. Mteja huyo huyo akienda hospitalini Eldoret hulipia kipimo cha damu hata kikionyesha hana malaria, na hurudi nyumbani akishukuru kwamba hana malaria. Gereji hatujafika hapo. Tukiambiwa giaboksi ni nzima, tunahisi hatukupewa kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni themostati. Hiki ni kifaa kidogo chenye valvu kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi, kinafunga njia ya kwenda rejeta ili injini ipate joto upesi. Yakikaribia nyuzi 80 hivi, kinafungua. Siku injini inapochemka, mafundi wengi hukichomoa na kukitupa, wakisema hivyo ni vya nchi za baridi. Hoja hiyo ni mbaya popote, na Sugoi ni mbaya zaidi. Pale ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mtu anayekamua saa kumi na moja alfajiri anahitaji sweta mbili. Injini isiyo na themostati inaweza kwenda kilomita nyingi bila kupata joto lake. Kompyuta ya gari nayo ina amri iliyoandikwa tangu kiwandani: maji yakiwa baridi, usitoe gia ya juu kabisa wala usifunge konveta (kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), kwa sababu injini baridi haitakiwi kulemewa. Kompyuta inatii. Dereva anasikia gari likinguruma na gia ya tatu kutoka nyumbani hadi Maili Nne, petroli inakwisha kabla ya wakati, anaingia gereji na kusema, "Inakataa gia ya nne." Giaboksi inashushwa na nyingine kufungwa. Asubuhi inayofuata, gari linakataa gia ya nne.

Angepimiwa na mtu mwenye subira, mashine ingemwonyesha nambari kama P0128 au P0125, ambazo zote zinasema jambo moja: maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Fundi anayesaka ugonjwa wa giaboksi huzipita nambari hizo kwa sababu hazina 7 mahali pake. Na hapa inafaa nieleze kidogo, kwa kuwa mwenye gari akijua jinsi nambari zilivyopangwa ni vigumu kutishwa. Herufi P ya mwanzo ni ya injini na giaboksi kwa pamoja. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba nambari hiyo ina maana moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni ya mtengenezaji mwenyewe na maana yake inatafutwa katika kitabu chake. Tarakimu ya baada ya hapo hutaja eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi, 4 ni mambo ya moshi, 7 na 8 ni giaboksi. Kwa hiyo P0300 ni injini inayokosa kuwaka sawasawa. P0715 ni sensa ya mzunguko wa kuingilia giaboksi, P0720 ni ya kutokea. P0741 ni konveta isiyofunga. P0700, inayowatia watu hofu kuliko zote, haijasema lolote kuhusu ugonjwa. Ni kompyuta ya giaboksi inayoiambia ya injini iwashe taa kwa sababu yenyewe ina nambari yake iliyoihifadhi, na mashine isiyoweza kuingia katika kompyuta hiyo ya pili itakuachia hiyo P0700 peke yake. Nimewahi kusikia watu wakiuziwa giaboksi kwa P0700. Ni kama ushahidi umetajwa mahakamani na hakimu akahukumu kabla haujasomwa.

Hata nambari iliyo wazi haimalizi kazi. Ikitaja solenoidi (valvu ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi), kompyuta imeona kwamba umeme katika njia ile haukwenda ilivyotarajia. Solenoidi yenyewe inaweza kuwa imekufa, lakini pia plagi yake inaweza kuwa na kutu, waya unaweza kuwa umekatika, au panya, ambao boma lenye ghala la mahindi haliwakosi, wameutafuna usiku. Betri dhaifu peke yake inaweza kumwaga nambari nusu dazeni zisizo na uhusiano. Kwa hiyo fundi mzuri huanza na betri: volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, na kati ya 13.5 na 14.5 ikiwa inaunguruma. Kipimo hicho kinachukua dakika moja.

Taa yenyewe ya injini ina historia ambayo madereva wetu hawaambiwi. Ilizaliwa na moshi wa California. Wenye mamlaka ya hewa wa jimbo hilo ndio waliolazimisha magari yajichunguze yenyewe, kisha Marekani nzima ikaufanya mfumo wa sasa wa nambari hizi kuwa lazima kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996. Kanuni ya msingi ilikuwa taa iwake pale kasoro inapoweza kuufikisha moshi mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa hiyo taa ile iliwekwa kulinda mapafu ya watu wa Los Angeles, na mfuko wa dereva haukuwa wa kwanza katika fikra za waliobuni. Sahani za klachi ndani ya giaboksi zinaweza kuliwa kidogo kidogo kwa miezi, dereva akizisikia zikiteleza kwenye mlima, na taa isiwake, kwa sababu hakuna waya uliokatika wala moshi ulioongezeka. Na inaweza kuwaka vikali kwa kasoro ya sensa ya oksijeni ambayo giaboksi haiijui kabisa.

Magari yetu yana tatizo jingine juu ya hilo. Mengi yalitengenezwa kuuzwa ndani ya Japani, na ile sheria ya Marekani ya 1996 haikuyahusu. Gari la mwishoni mwa miaka ya tisini au mwanzoni mwa elfu mbili linaweza kuwa na soketi ile ile ya matundu 16 chini ya usukani, lakini ukichomeka kile kisomeo kidogo cha Bluetooth kilichonunuliwa mtandaoni, simu inabaki ikizungusha duara. Nimesikia hali hiyo ikifasiriwa kuwa kompyuta ya gari imekufa. Kompyuta iko hai, ila inazungumza lugha ya kampuni yake.

Kwa Toyota za umri huo kuna njia ya zamani inayofanya kazi bila mashine yoyote. Unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, TE1 na E1 kwenye kile kisanduku kilicho ndani ya boneti, au tundu la 13 na la 4 kwenye soketi ya chini ya usukani, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu. Taa ya injini inatoa nambari za injini. Taa ya O/D OFF inatoa za giaboksi. Ikipepesa mara sita, ikatulia, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 62, solenoidi ya kwanza. 63 ni ya pili. 64 ni ile ya kufunga konveta. 42 na 61 ni sensa za mwendo. (Tundu lisilo lake linaweza kuiunguza kompyuta, kwa hiyo asiyekuwa na mchoro wa gari lake aache.) Wapo mafundi wa makamo waliojifunza jambo hili kwa kuwatazama wakubwa wao, na wanalifanya wakiwa wamechuchumaa, kalamu sikioni. Kijana mwenye tablet ya gharama kubwa anapita na kuwacheka. Ningempa gari langu yule aliyechuchumaa.

Kuna kipimo kingine ambacho kingeokoa giaboksi nyingi, nacho ni cha kutenganisha umeme na chuma. Katika Toyota nyingi za zamani, vitabu vya karakana vinaelekeza uchomoe plagi ya solenoidi, kisha uendeshe gari ukibadilisha gia kwa mkono, L, 2, D. Kompyuta haina tena usemi. Gia zikishika kila moja kama kitabu kinavyosema, chuma cha ndani kinafanya kazi na kasoro itafutwe kwenye nyaya, sensa na kompyuta. Zikikataa, ndipo mtu aanze kufikiria kushusha. Kazi yote ni ya dakika chache kwenye barabara tupu. Kipimo cha kuchelewa ni rahisi zaidi: gari likiwa na joto, miguu ikiwa kwenye breki, unatoa N kwenda D na kuhesabu hadi usikie limeshika. Vitabu vya Toyota vinataka iwe chini ya sekunde 1.2, na chini ya 1.5 ukienda R. Simu ya mkononi ina saa ya kuhesabu. Hakuna sababu ya kubishana kwa kukisia.

Kisha kuna hewa yetu, na hapa nakiri kwamba napenda kubishana na watu wa Mombasa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo (nazungumzia kile kifaa, mji jirani wa Sugoi tuuache) inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Gari lililoshuka melini, likajaribiwa kwenye tambarare za Nyali na kusifiwa, linapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, likihema. Mwenyewe anafika Eldoret akiwa na yakini kwamba giaboksi inateleza. Haitelezi. Injini haina pumzi, kompyuta inashusha gia ili kuisaidia, na mtu aliyezoea pwani anausikia mvumo ule akidhani ni ugonjwa.

Kimo hicho kinaharibu hata vipimo vya mafundi waangalifu. Kipo kipimo cha kulibana gari: magurudumu yawekwe mawe, breki zote zishikwe, gia iwe D, kisha mafuta yakanyagwe hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde tano huku ukisoma mizunguko ya injini. Mizunguko ikipita kiasi, sahani za klachi zinateleza. Ikipungua kiasi, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro ndani. Lakini kiasi kilichoandikwa kitabuni ni cha injini inayopumua hewa ya chini. Injini nzima kabisa ikibanwa Eldoret itasoma pungufu, na fundi asiyelijua hilo atalaumu konveta ambayo haina hatia.

Nisieleweke vibaya. Giaboksi hufa, na Sugoi zinauawa kwa njia mbili ambazo tunaziona kila msimu. Ya kwanza ni matope. Konveta hupeleka nguvu kwa kuzungusha oili; gurudumu likikwama na dereva akakanyaga, nguvu ile ambayo haikwenda barabarani inabaki ndani ya oili ikiwa joto. Anapoanza kuchezesha gia, D, R, D, R, ili gari lijitikise litoke, sahani za klachi zinasuguana katika oili inayokaribia kuungua. Nusu saa ya namna hiyo ni mbaya kuliko mwaka mzima wa lami. Trekta ya jirani ingekuja kwa shilingi chache. Ya pili inafuata hiyo ya kwanza: gari linafungwa kamba na kuvutwa hadi mjini injini ikiwa imezimwa, magurudumu ya mbele yakizunguka chini. Pampu ya oili ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikilala, pampu inalala, na kila kitu kinachozunguka ndani kinazunguka kikavu. Gari lililoondoka Sugoi na solenoidi moja mbovu linafika Eldoret na giaboksi iliyokufa kweli, na fundi aliyelipokea hatakuwa amedanganya akisema imeisha.

Oili yenyewe ingestahili makala yake. Giaboksi za gia nne za Toyota za miaka ile zilitaka aina ya T-IV, za baadaye zikataka WS. Magari yenye CVT, ambayo hayana gia bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, yanataka oili yake mahususi. Nissan ina NS-2 na NS-3, Toyota ina TC na FE. Oili ya CVT kazi yake ni kuruhusu chuma kishike chuma bila kuteleza. Mimina humo ile oili nyekundu ya kawaida inayopimwa kutoka mtungi usio na jina, na mkanda utaanza kuteleza na kuchimba puli. Hakuna nambari itakayowaka siku hiyo. Itawaka baada ya miezi, na wakati huo hakuna atakayekumbuka nani alimimina nini.

Hilo la CVT ndilo linalonitia wasiwasi kwa miaka inayokuja. Kanuni ya KS 1515:2000 inazuia kuingiza Kenya gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tunazibishania kanuni hizi kana kwamba umri wa gari unaishia Kilindini. Gari lililoingia likiwa na miaka saba linauzwa Nairobi, linauzwa tena Nakuru, na linafika Sugoi likiwa na miaka kumi na minne na kilomita ambazo mita haizikumbuki. Kanuni ya bandarini imehakikisha kwamba magari yanayoingia leo ni ya kisasa zaidi, yenye CVT, kompyuta nyingi na sensa zisizohesabika. Miaka kumi ijayo ndiyo yatakayobeba maziwa. Fundi atakayeyapokea atakuwa amefunzwa na nani, na kwa kitabu gani?

Nchi nyingine zimeliona swali hilo. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani waliidhinisha sheria ya kuwalazimu watengenezaji kuwauzia mafundi huru habari na vifaa vile vile wanavyowapa mawakala wao. Umoja wa Ulaya una masharti ya aina hiyo. Sisi tuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu hadi la kwanza, ambao kijana aliyejifunzia gereji anaweza kuufanya bila kupita chuoni, na ni jambo jema. Ningependa mtihani wa daraja la juu umpe mtahiniwa gari lililotiwa kasoro kwa makusudi, mita ya umeme, na saa moja, na alama zitolewe kwa vitu alivyovithibitisha kuwa vizima. Ningependa pia chuo kama Eldoret National Polytechnic kilipie vitabu vya karakana vya watengenezaji na kufungua chumba ambamo fundi wa kutoka kituo cha Jua Kali, kile kilicho njiani kwenda Turbo, anaweza kuingia Jumamosi na kuchapa mchoro wa nyaya wa gari analoshughulikia. Gharama yake haiwezi kufikia ya semina moja ya viongozi hotelini.

Wanaonunua magari kwa wenzao wanaweza kuanza na jambo dogo. Swichi ikiwashwa kabla ya injini, taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa balbu au ameifunika. Na mashine ikionyesha kwamba hakuna nambari yoyote, angalia ukurasa wake wa majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe; yakiwa yote yameandikwa hayajakamilika, nambari zilifutwa au betri ilichomolewa muda mfupi kabla hujafika. Fundi anayefuta nambari kabla ya kuziandika naye anatupa ushahidi, kwa sababu pamoja nazo hupotea kumbukumbu ya mwendo, joto na mizunguko ya injini wakati kasoro ilipotokea.

Ninachopendekeza kwa magereji ni kibao kimoja langoni: kupima, bei hii, kwa saa; unapewa karatasi yenye nambari zilizosomwa, volti za betri, hali ya oili, muda wa kushika gia, na maoni ya fundi. Pesa hiyo ilipwe hata gari likirudi nyumbani bila kufunguliwa nati. Mafundi niliowapa wazo hili wananijibu kwa sauti moja: mteja atachukua karatasi na kwenda kwa jirani anayefunga kwa bei ya chini. Baadhi watakwenda, ndiyo. Lakini jirani huyo ataanza kazi akiwa na karatasi inayosema themostati haipo na giaboksi ni nzima, mteja akiwa amesimama kando ameisoma, na wewe uliyepima utakuwa umeshalipwa saa zako.